Simba Mwenda Pole

Picha za Safari Rally za miaka ya sitini na sabini hujitambulisha kabla hujasoma maelezo yaliyo chini yake. Gari limevaa tope tangu bampa mpaka paa. Rangi imepotea, namba ya mlangoni inasomeka nusu, taa moja imeng'oka na nyingine inaning'inia kwa waya. Katikati ya uchafu huo, kwenye kioo cha mbele, pana vipande viwili vya uwazi vilivyopanguswa na waipa, kila kimoja na umbo la nusu mwezi. Ndani ya kimoja mna uso wa dereva, ndani ya kingine uso wa mwelekezi wake. Miinuko ya Mbulu, misitu ya Mau, nyika ya Tsavo, umati uliojipanga kando ya njia: yote wameyaona kupitia upenyo huo. Nikizitazama picha hizi, tope halinishughulishi sana, wala gari lenyewe. Huyatafuta macho. Ningetarajia kuyakuta yamewaka, macho ya mtu anayekimbizana na saa. Nayakuta yametulia, yamefumbwa kidogo, macho ya mtu anayesikiliza kitu kilicho mbali. Nami hubaki nikiwaza kwamba huenda kazi hii ya kwenda mbio inasimama juu ya kitu ambacho si mbio hata kidogo.

Mashindano yalianza mwaka 1953, wakoloni wakisherehekea kutawazwa kwa Malkia Elizabeth II, na njia yake ikapita Kenya, Uganda na Tanganyika. Baadaye yakapangwa wakati wa Pasaka, na aliyepanga hivyo alijua alitendalo, maana Pasaka ya kwetu huangukia mlangoni mwa masika. Mwaka mmoja vumbi, mwaka mwingine gharika, na mara nyingine vyote viwili kwa siku moja: asubuhi vumbi la nyikani, usiku tope la milimani. Mwendo ulifika kilomita 5,000 na zaidi, siku kadhaa za usingizi wa kuibia, kwenye barabara ambazo hazikufungwa kwa ajili ya mtu yeyote. Basi la abiria lilikuwa na haki ya kona sawasawa na gari la mashindano, na ng'ombe alikuwa na haki kuliko wote wawili. Mwaka 1963 yalimaliza magari 7 tu. Mwaka 1968 yakamaliza 7 tena. Miaka yote miwili mshindi alikuwa Nick Nowicki, ndani ya Peugeot 404, gari la familia la milango minne, la kumpeleka daktari kazini na watoto shuleni. Sidhani kuna mchezo mwingine ambamo kufika tu kulikuwa na heshima kubwa namna hii, hata aliyeburuta mkia akapokewa kwa ngoma.

Joginder Singh alizaliwa Kericho mwaka 1932, mwana wa fundi mwenye gereji. Kabla jina lake halijawa la kushangiliwa alikuwa mtu wa spana, alalaye chali chini ya magari ya watu akitazama walichokivunja. Ukiniuliza, hapo ndipo taaluma yake ilipoanzia, chini ya gari, miaka mingi kabla ya usukani. Fundi anaona mwisho wa hadithi kabla ya mwanzo wake: anaona mkono wa usukani uliopinda, springi iliyokatika, sahani ya klachi iliyoungua mpaka ikawa nyeusi, na kutokana na majeraha hayo anamjua dereva ambaye hajapata hata kuonana naye. Mwaka 1965 Joginder na nduguye Jaswant walishinda Safari kwa Volvo PV544, gari la mgongo wa mviringo lililokwisha kutumika kabla ya kufika mikononi mwao. Akashinda tena mwaka 1974 akiwa na miaka 42, na 1976 akiwa na 44, mara zote mbili kwa Mitsubishi Lancer. Huo ni umri ambao wanamichezo wengi wamekwisha kugeuka makocha na watoa maoni. Wageni walimwita Kalasinga Anayepaa, jina zuri la magazetini. Wenyeji walimwita Simba wa Kenya, nami naona walikuwa karibu zaidi na ukweli, kwa sababu wahenga walikwisha kutuambia simba wa aina gani ndiye hula nyama.

Mtazame kwa karibu dereva wa namna hiyo anapokuta korongo limeikata barabara. Asiyejua hukanyaga breki na kuendelea kuikanyaga mpaka ndani ya shimo. Uzito wote wa gari unalalia magurudumu ya mbele, springi zimekwisha kujikunja, na shimo likija hakuna kilichobaki cha kupokea pigo ila chuma kwa chuma. Mzoefu hufunga breki mapema, kwa nguvu, kisha hatua chache kabla ya ukingo huziachia kabisa na kugusa mafuta kidogo. Pua ya gari inainuka, springi zinajinyoosha, magurudumu yanaingia shimoni yakiwa na nafasi ya kupanda na kushuka, na gari linatoka upande wa pili likitikisika lakini zima. Yote hayo huchukua muda mfupi kuliko kuvuta pumzi. Sasa rudia usiku kucha, mvua inanyesha, mwelekezi ana kichefuchefu, na huko mbele kuna mtu aliyekutangulia kwa dakika nane ambaye moyo wako wote unataka kumfukuza. Kuachia breki mbele ya shimo ni jambo la kinyume na mwili. Kila mshipa unasema kanyaga. Kumwachia aliyetangulia aende, ukijua kwamba kwa mwendo ule injini yake haitaiona Nakuru, ni kinyume na kitu kilicho ndani zaidi ya mwili.

Ndiyo maana wageni walihangaika. Msweden Erik Carlsson, bingwa mkubwa wa Ulaya aliyekulia kwenye theluji, alikuja na Saab yake ndogo yenye injini ya silinda tatu, na mwaka 1964 alishika nafasi ya pili. Inasimuliwa kwamba waliponasa topeni, yeye na mwenzake walilibiringisha gari likapinduka paa chini na kusimama tena pakavu, wakaendelea na safari. Na waandishi wa habari walipokataa kuamini, Carlsson akalipindua tena mbele ya macho yao. Huo ni ujasiri ambao siuonei wivu. Hata hivyo ilichukua karibu miaka 20 tangu mashindano yaanzishwe kabla mgeni kutoka ng'ambo hajashinda: Mfini Hannu Mikkola, mwaka 1972, kwa Ford Escort. Kabla yake ushindi ulikuwa wa wakaazi, watu wa Nairobi na mashambani, na wa Bert Shankland wa Dar es Salaam, aliyeshinda mfululizo mwaka 1966 na 1967. Hawakuwa na mikono mepesi kuliko ya Wafini. Walikuwa na masikio. Nahodha wa jahazi husikia foromali ikilia akajua upepo unageuka kabla tanga halijatikisika. Nao walisikia tope likibadilika chini ya tairi, lile jekundu lenye utelezi wa sabuni na lile jeusi la mbugani linalofunga gurudumu mpaka lisizunguke. Usisafirie nyota ya mwenzio, wasema watu wa pwani, na wapo mabingwa wa dunia waliolijua neno hilo wakiwa wamezama mpaka madirishani.

Kuna yule mwingine, aliye ndani ya nusu mwezi wa pili. Picha nyingi humkuta ameinamisha kichwa, kwa hiyo historia imemhifadhi kama utosi wa kofia. Yeye ndiye mwenye daftari. Wiki kadhaa kabla ya mashindano, timu kubwa zilipita njia yote polepole, dereva akitaja na mwelekezi akiandika kwa mkato: kulia kali inayofunga, daraja jembamba, mawe kushoto, nyoosha mpaka mti mkubwa. Siku ya siku sauti hiyo hutangulia gari. Dereva anaingia kona ambayo hajaiona bado, kwa neno la mtu ambaye wala hatazami nje. Watu hudhani taaluma ya udereva wa mbio ni ya mtu mmoja mwenye kofia ngumu na jina kwenye kombe. Ukiichunguza unakuta imani ya kiwango ambacho ndoa nyingi hazikifikii. Tena wengine waliunganisha kazi hii na familia kabisa. Joginder alikwenda na ndugu yake. Shekhar Mehta, katika mashindano kadhaa ya nje, alimkalisha mkewe Yvonne kwenye kiti cha daftari. Hebu fikiria ugomvi wa nyumbani unaoweza kutokana na neno kushoto lililochelewa.

Shekhar Mehta ndiye ninayemrudia mara nyingi zaidi, kwa sababu ya mwaka wake wa 1973. Alizaliwa Uganda mwaka 1945. Mwaka 1972 Idi Amin aliwapa Waasia siku 90 wawe wameondoka, na familia ya Mehta ikawa miongoni mwa waliopoteza nchi kwa tangazo. Akahamia Kenya. Pasaka iliyofuata alishinda Safari kwa Datsun 240Z, baada ya kulingana alama za adhabu na Msweden Harry Källström, kanuni ya kuvunja sare ikamwangukia yeye. Baadaye akashinda mara nne mfululizo, 1979 mpaka 1982, na kufanya jumla ya 5. Lakini mimi hubaki palepale penye ushindi wa kwanza. Mtu amefukuzwa upande mmoja wa mpaka kwa sababu ya asili ya babu yake, na miezi michache baadaye, upande wa pili, watoto wa shule wanapanda miti ili wamwone akipita. Wale watoto hawakumuuliza cheti cha kuzaliwa. Walitaka gari lirushe tope. Ndivyo ilivyokuwa kwa Joginder pia: katika miaka ile ambayo Waasia wengi wa Kenya walikuwa wakifunga maduka na kupanda ndege, kijana wa kijijini angeweza kusema wetu ni yule mwenye kilemba, asione ajabu yoyote.

Nisilipambe sana. Barabara ile ile ilikuwa na watu waliotupa mawe, na wengine waliochimbua njia kidogo ili gari linase kisha wakalipwe kulisukuma. Na wetu yule, kwa miaka mingi, hakuwa Mwafrika mweusi, kwa sababu iliyo wazi kama mchana: mchezo huu unakula fedha. Gari, spea, gari la pili la kubeba fundi na spea, mafuta ya mazoezi, tairi zisizohesabika. Mkono mtupu haulambwi, na aliyetoka Nyeri au Kakamega bila shamba kubwa wala gereji ya baba alibaki kando ya njia na wenzake wanaosukuma. Ndiyo maana nakumbuka kwa furaha ya pekee habari za Patrick Njiru na ile Subaru Vivio ya mwaka 1993, gari dogo kiasi cha kuchekesha, likipita kwenye mawe yaliyowashinda wakubwa na kufika mwisho. Kenya nzima ilicheka, na ilikuwa kicheko cha kujivunia.

Kampuni za magari zililipa, na hazikulipa kwa mapenzi. Safari ilikuwa tangazo lililoandikwa kwa tope. Peugeot iliyoshinda Pasaka ndiyo mfanyabiashara aliyoitafuta baada ya Pasaka, na 504 iliyoshinda mwaka 1975 na 1978 ndiyo ile ile, kwa umbo lake refu la nyuma, iliyokuja kubeba abiria wa safari ndefu kutoka mji hadi mji, watu wamebanana magoti kwa mabega na mbuzi wa mtu kwenye buti. Nani basi dereva wa kulipwa? Yule wa lori anayetoka Mombasa kwenda Kampala hupita mawe yale yale, usiku ule ule, akiwa na tani zake nyuma na utingo aliyelala, naye hufanya hivyo mwezi hadi mwezi bila helikopta juu ya kichwa wala mtu wa kumpa kombe. Wengi wa mabingwa wetu, ukiwapima kwa kipimo cha mshahara, walikuwa watu wa ridhaa: wakulima, wauza magari, wenye hoteli, mafundi, waliojipa likizo ya Pasaka ili wakateseke. Siwatukuzi hawa kumshinda yule wa lori. Ninachokiona ni kwamba wanafanana kuliko inavyosemwa. Wote wawili wanajua kuokoa gari. Tofauti ni kwamba wa lori akiokoa gari hakuna anayejua, na asipoliokoa habari inatangazwa saa moja jioni.

Kazi hii pia ina tabia ya kuisha bila kuaga. Mwanamasumbwi huanguka mbele ya watu. Mwimbaji sauti humpungua wimbo kwa wimbo. Dereva anaweza kuwa bora kuliko jana na bado leo ikawa ya mwisho. Mehta aliumia vibaya mwaka 1987 kwenye mashindano ya Mafarao huko Misri, jangwani, mbali na tope alilolijua, na hapo mbio zake zikakoma. Akaingia kwenye uongozi wa mchezo, katika shirikisho la kimataifa la FIA, akawa mtu wa vikao na kanuni. Alifariki London mwaka 2006. Joginder naye alifariki London, mwaka 2013. Sijui kama nilitie maana jambo hili. Watu wawili ambao majina yao yalichanganyika na udongo wa Rift Valley kuliko majina ya mawaziri wengi, wakafia penye lami isiyo na shimo. Huenda ni hivyo tu wazee wanavyofuata watoto wao na hospitali zao. Lakini najiuliza, aliyeipenda nchi kwa njia ya barabara zake mbaya, nchi hiyo humlipa kwa nini? Mji wa Kericho ungali na gereji zake, na vijana wamelala chali chini ya magari.

Safari yenyewe ilibadilika ikiwa hai. Kufikia katikati ya miaka ya sabini ilikuwa imebaki Kenya peke yake, majirani wakiwa wameanza kununiana, na mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika kabisa. Baada ya 2002 ikatoka kwenye ubingwa wa dunia, ikarudi mwaka 2021 ikiwa imejikunja Naivasha na viunga vyake, kilomita za mashindano zaidi kidogo ya 300, barabara zimefungwa, na Mfaransa Sébastien Ogier akashinda. Wapo wanaosema hii si Safari tena. Nakubaliana nao nusu. Umbali ule hautarudi, na watu wa siku hizi wasingeukubali, wala wasiulizwe kwa nini. Lakini vumbi la Kedong, laini kuliko unga, bado linameza gurudumu mpaka kwenye ekseli, na bado madereva wanaotoka Ulaya na kasi yao yote wanafundishwa na mameneja wao neno lile lile alilolijua fundi wa Kericho: leo usishinde, leo fika.

Mkondo sasa unakwenda na upande wa pili. McRae Kimathi, kijana wa Kikenya aliyepewa jina la Mskoti Colin McRae, mshindi wa Safari mara tatu, alikwenda Sweden Februari 2022 kushindana katika ubingwa wa dunia wa vijana, kwenye theluji. Nikasoma kuhusu mashindano hayo kwa shauku ya mtu asiyeijua baridi. Tairi za huko ni nyembamba na zina njumu za chuma zinazouma barafu. Kandokando ya njia kuna kuta za theluji zilizosukumwa na magreda, na dereva mzuri wa huko haziogopi. Akiingia kona kwa kasi, hulitupa gari ubavu likaegemea ukuta, ukuta ukalishika na kulirudisha njiani. Dereva aliyefunzwa Rift Valley amefunzwa kwamba ukingo ndipo penye mtaro, jiwe lililofichwa na nyasi, kisiki, mbuzi, mtoto. Kila alichojifunza kinamwambia akae mbali na kando. Halafu mwelekezi anasoma daftari: kushoto kali, egemea. Na ana nusu sekunde ya kuamua amwamini nani, sauti ile au barabara zote alizowahi kupita.